Sahihi ya Mwanaume

"Hapa kwa mume pako wazi," alisema karani wa mapokezi, na aliyasema kwa sauti ambayo hata aliyekuwa chooni aliisikia.

Watu kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kliniki ile ya uzazi, wengi wao wawili wawili, na wote waliacha kutazama simu zao. Mwanamke aliyesimama dirishani alikuwa na miaka arobaini na moja, mfupi, mwenye vidole vya zambarau ambavyo havikutakata hata kwa mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa kuchonga mihuri ya mpira. Mji mzima ulimwita Dada Mihuri, na kwa miaka mingi jina hilo halikumuudhi.

"Sina mume," alijibu kwa sauti ya chini.

"Amesafiri?"

"Sina. Sijawahi kuwa naye."

Karani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kucha ndefu mno hata ilimbidi abonyeze kompyuta kwa penseli. Tangu asubuhi alikuwa akimwita mteja wake "mama". Sasa alihamia kwenye "dada", palepale, bila hata kumeza mate.

"Sasa dada, fomu haiwezi kwenda kwa daktari ikiwa hivi. Inatakiwa sahihi ya mume, au ya mwanaume msimamizi wa familia. Baba yupo?"

"Alishafariki."

"Kaka?"

"Nina mdogo wangu wa kiume."

"Ana zaidi ya miaka kumi na minane?"

"Ana thelathini na mbili. Nimemsomesha mimi."

"Basi huyo anafaa."

"Anafaa kwa lipi?" Dada Mihuri aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Mwili ni wangu, hela ni zangu. Nimesaini kurasa sita. Yeye anakubali nini hapo?"

"Mimi sikutunga, dada. Ni utaratibu."

"Ni sheria?"

"Si sheria. Ni utaratibu wetu tu."

Kwenye benchi la nyuma mwanaume mmoja alimwambia mkewe, akidhani ananong'ona, kwamba siku hizi wanawake wanakuja kununua watoto kama wanavyonunua viatu. Mkewe alimfinya, lakini naye alikuwa anacheka. Walikuwa wamekuja pale kwa shida ileile, miaka saba bila mtoto, na bado walipata nafasi ya kumcheka mwenzao. Inatia kinyaa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Dada Mihuri alichukua fomu yake, akaikunja vizuri, akaondoka akiwa ameinua kichwa. Alijikaza mpaka alipofika getini. Mlinzi, mzee aliyevaa koti la buluu lililomzidi mabega, alimfungulia na kumtakia siku njema. Alipita upesi. Kama angefungua mdomo, angelia.

Wiki iliyotangulia daktari alikuwa amemweleza kila kitu, bila kumzungusha. Mayai yake yalikuwa yamebaki machache. Mbegu za mchangiaji zilikuwepo, zimepimwa, zina namba badala ya jina. Sindano zilitakiwa zianze siku ya pili ya hedhi, na hedhi ilikuwa inatarajiwa Alhamisi. "Mwezi huu nitajaribu kwa moyo wote," daktari alisema. "Ukisubiri miezi mingine miwili mitatu, nitakuwa nakula pesa yako bure." Nusu ya gharama alikuwa ameshalipa, na risiti iliandikwa wazi kwamba hairudishwi. Ili kuipata, aliuza mashine yake ya kuchongea ya umeme na kurudi kwenye kisu cha mkono, kama alivyoanza.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, na kila tofali lililotumika lilitoka kwenye mihuri. Ndani yake waliishi watu sita: yeye, mama yake, mdogo wake wa kiume, mke wa mdogo wake, na watoto wao wawili. Mdogo wake alijipachika jina la Bosi tangu alipofungua duka la simu. Duka lilikufa, kuku wakafa, saluni ikafungwa, zote kwa mtaji wa dada yake. Jina la Bosi tu ndilo lililobaki hai.

Aliwaambia baada ya chakula. Aliwaambia kwa ufupi, kama mtu anayetoa mwiba: kwamba anataka mtoto, kwamba ameshaanza matibabu, kwamba inatakiwa sahihi moja. Kisha aliweka fomu mezani, mbali kidogo na sahani.

Mama yake ndiye aliyeongea wa kwanza. "Ungeolewa tu, mwanangu."

"Aliyekuja kunioa mlimwambia asubiri mpaka huyu amalize chuo. Alisubiri miaka mitatu, mama. Mliona alivyochoka."

Mama alitazama viganja vyake.

"Mimi naomba kuuliza, wifi," alisema mke wa Bosi, mtoto mdogo akiwa mapajani. "Hizo mbegu ni za nani? Maana unaweza kutuletea humu ndani damu ya kichaa."

"Zinapimwa."

"Ukichaa nao unapimwa?"

"Na wewe ulimpima mumeo?"

Mtoto mkubwa, msichana wa miaka tisa, alicheka kwa sauti. Mama yake alimpiga kofi la mgongo na kumtuma jikoni akaangalie maji ambayo hayakuwa motoni.

"Si hivyo, wifi," aliendelea, sauti imelainika. "Ninachosema, watoto unao. Hawa hapa. Kila siku wanakuita shangazi. Hawakutoshi?"

Aliyasema kwa uso mkunjufu kabisa. Kumbe mwanamke huyo alishapima dirisha la chumba cha wifi yake kwa kamba, siku moja alipobaki peke yake nyumbani, na alishachagua rangi ya mapazia. Hakumwombea mtu kifo. Alikuwa anajiandaa tu. Kwa hesabu zake shangazi asiye na mtoto ni nyumba inayosubiri, na sasa nyumba ilikuwa inataka kuzaa.

Bosi aliketi kwenye kiti cha marehemu baba yao, mguu juu ya mguu, akichokonoa meno. Hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa ya kitu chochote maishani mwake. Aliichukua fomu, akaigeuza mbele na nyuma bila kusoma hata mstari mmoja, akairudisha mezani taratibu.

"Nitafikiria," alisema.

"Unafikiria nini? Ni sahihi tu."

"Dada, hili ni jambo zito. Haliamuliwi kwa pupa. Jumatano tutakaa kikao."

Aliona jinsi dada yake alivyomeza mate, na utamu wa kitu hicho ukamwingia mpaka kwenye mifupa. Mwanaume mzima, aliyevaa shati alilonunuliwa na mtu yuleyule anayemfanyia ukubwa.

*

Kikao cha Jumatano kilikuwa na ajenda. Bosi aliziandika kwenye karatasi ya daftari la mwanawe na akazisoma akiwa amesimama, mbele ya mama yake, mke wake na dada yake, kana kwamba anahutubia ukumbi.

"Ajenda ya kwanza. Fomu imesema msimamizi wa familia. Msimamizi anatakiwa awe na muhuri. Sahihi tupu haina uzito. Kwa hiyo kabla ya yote, dada atachonga muhuri wa msimamizi wa familia."

Dada Mihuri alidhani anatania. Alimtazama usoni akitafuta kicheko, hakukiona.

"Ajenda ya pili," Bosi aliendelea, na hapo sauti ilipungua, maana hata mtu mkavu wa macho kuna mahali anajikwaa. "Nyumba. Huyo mtoto wa maabara akija, kesho na keshokutwa atadai. Tunaomba dada uandike kabisa, nyumba ni ya hawa watoto wangu wawili. Ili pasiwe na ugomvi mbeleni."

"Unaomba, au ndiyo bei?"

"Usiyaite bei. Sisi ni ndugu."

"Mama," Dada Mihuri aligeuka. "Unasikia?"

Mama yake alikuwa anasikia vizuri sana. Alikuwa anasikia tangu Jumanne, kwa sababu mkwe wake alishampelekea maneno hayo chumbani pamoja na kikombe cha maziwa ya moto. Kichwani mwa mama binti alikuwa mtu wa kupita, hata kama ndiye aliyejenga, na mwana wa kiume ndiye angemzika. Aliivuta khanga begani.

"Mwandikie tu, mwanangu. Yaishe. Wewe si unataka mtoto? Nyumba utajenga nyingine, mikono unayo."

Hakuna tusi katika yote aliyotukanwa wiki ile lililomfika kama hilo. Alitoka akaenda kusimama uani, karibu na kamba ya nguo, akashika shati la Bosi lililokuwa linaning'inia, akaliachia upesi kama aliyeshika panya aliyekufa. Kisha akanawa mikono.

*

Kibanda chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, na ukisimama wima unagonga kichwa. Kulikuwa na meza, taa ya kuinamia, vipande vya mpira, vishikio vya mbao, na daftari nene la sampuli. Kila muhuri aliouchonga kwa miaka kumi na saba aliupiga humo kwanza kabla haujatoka, pamoja na nakala ya barua ya aliyeuagiza. Bila barua hachongi. Walikuja watu na bahasha nono wakitaka mihuri ya shule wasizosoma na ofisi wasizofanyia kazi, akawafukuza. Wengine walimwita mjinga. Alikuwa na kanuni moja nyingine, aliyoiandika kwa wino mwekundu juu ya meza: kazi haitoki mkononi kabla ya malipo, na kazi mbovu hailipwi.

Jirani yake, mpiga picha za pasipoti, alimkuta asubuhi ya Alhamisi amekaa tu, kisu mkononi. Walifahamiana miaka tisa. Dada Mihuri alimweleza yote.

"Sasa tatizo liko wapi?" alisema mpiga picha. "Lete fomu, nisaini mimi. Mume mpaka saa sita mchana. Ukininunulia na soda, mume mpaka jioni."

Dada Mihuri alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Mtoto wangu hataanza maisha yake juu ya karatasi ya uongo."

"Hiyo karatasi nani anaisoma, dada?"

"Nitaisoma mimi."

Mpiga picha aliinua mabega akarudi kwenye kamera yake. Alimheshimu kwa hilo, na pia alimwona ana wazimu kidogo.

Saa tano hedhi ilianza. Aliiona chooni, choo cha jengo kisicho na mlango unaofunga vizuri, akiwa amebana mlango kwa mguu. Ilikuwa alama ndogo tu. Kesho ingekuwa siku ya pili. Alibaki pale dakika nzima, mtu wa nje akigonga na kulalamika, akapiga moyo konde. Aliporudi alimpigia simu mdogo wake.

"Njoo na barua," alisema. "Bila barua sichongi."

Bosi alifika baada ya nusu saa. Barua ilikuwa ya mistari mitatu: yeye, aliyetajwa hapo juu, anajiteua kuwa msimamizi wa familia kuanzia leo, na anaagiza muhuri wa cheo hicho. Alikuwa ameisaini mara mbili, ya kuomba na ya kukubali.

Dada Mihuri aliisoma yote, akaibandika kwenye daftari kama barua nyingine yoyote, akawasha taa. Muhuri huchongwa kinyume, herufi ya mwisho ikitangulia, na kwa hiyo neno unalolichonga unalipitia polepole mno, mstari kwa mstari, mpaka likukae kifuani. Alikata A, akakata I, akakata L, akakata I. Bosi alisimama nyuma yake akimpumulia shingoni, akinukia manukato ya mkewe, akimwambia aweke na nyota mbili pembeni.

"Nyota za nini?"

"Zinaleta heshima."

Aliziweka nyota. Alipoupiga kwenye daftari, MSIMAMIZI WA FAMILIA ilitoka safi, zambarau, nyota kushoto na nyota kulia. Ulikuwa muhuri mzuri, kwa sababu hakujua kuchonga mbaya, na hilo nalo lilimchefua.

Jioni hiyo Bosi alipiga muhuri kila kitu kilichokaa kimya. Aliipiga kalenda ukutani, akapiga bahasha za bili za umeme, akapiga mkono wa binti yake, ambaye alikwenda kuusugua kwa sabuni kwa sababu kesho yake alikuwa na shule. Mwisho aliipiga karatasi ya nyumba. Dada Mihuri alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mnyoofu, na kuisaini. Mke wa Bosi aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, kisha akanyoosha mkono kuichukua.

"Hapana, wifi," alisema Dada Mihuri, akaitia kwenye mkoba wake. "Kesho kliniki. Fomu yangu ikishapokelewa, nawapa. Mnaijua kanuni yangu."

Waliijua. Pia walijua kwamba hajawahi kuvunja ahadi, na walilala usingizi mzuri kwa sababu ya uaminifu wake.

*

Ijumaa Bosi alivaa tai. Alitembea mbele, dada yake nyuma, na alipofika kwa mlinzi hakumsalimia. Alimwonyesha tu muhuri.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Karani mwenye kucha alikuwa anakula karanga juu ya faili za watu. Aliipokea fomu kwa Dada Mihuri, akamsukumia Bosi pamoja na kalamu kupitia chini ya kioo, akamwambia asaini ukurasa wa saba. Bosi alifunua, akaona mistari ya nukta, akasaini wa kwanza aliouona. Kisha akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi kama alivyoona wakubwa wakifanya, akaubamiza juu ya sahihi yake. Kina mama wawili waligeuka kutazama. Alifurahi sana.

"Tayari," alisema, na akageuka akanyoosha kiganja. "Karatasi yangu, dada."

Dada Mihuri alikuwa anasoma. Ni kazi yake kusoma, hata kilichopinduliwa, hata kilicho nyuma ya kioo. Sahihi ilikuwa kwenye mstari wa juu. Mstari wa juu uliandikwa: Mume. Wa chini, uliobaki mtupu, ndio ulioandikwa: Mwanaume msimamizi, na uhusiano wake na mgonjwa.

"Ngoja," alimwambia karani, aliyekuwa ameshashika muhuri wake. "Amekosea. Amesaini kwa mume."

Karani alitazama kidogo. "Haina shida."

"Ina shida. Huyu ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja. Hapo mnamwandika kuwa mume wangu."

"Dada, hayo hatuyaangalii." Karani alitafuna, akameza. "Tunachotaka iwepo sahihi ya mwanaume, basi. Wiki iliyopita kuna mmoja alikuja na dereva wa teksi iliyomleta. Alimwita tu pale nje, akasaini, akaendelea na safari zake. Sisi tutajuaje?"

"Dereva wa teksi."

"Ndiyo. Kijana mzuri tu."

Kina mama wawili walicheka. Dada Mihuri alishika ukingo wa dirisha. Alikuwa ametoa nyumba. Tofali kwa tofali, miaka kumi na saba ya kuinama chini ya ngazi, na mama aliyemwambia mikono anayo. Mwenzake alitoa nauli.

Hapo ndipo alipouona muhuri uliokuwa mkononi mwa karani. Kishikio cha mbao nyeusi, ufa mwembamba ubavuni. Haukuhitaji kupinduliwa. IMEHAKIKIWA, na herufi H imelala kidogo kushoto kwa sababu siku ile kisu kiliteleza. Ulikuwa wa kwake. Miaka miwili nyuma tarishi wa kliniki alikuja kuuagiza, naye akamrudisha mara mbili mpaka alipoleta barua yenye maelezo kamili. Aliuchonga akiamini kuna mtu atakaa mezani ahakiki kitu. Ulikuwa unapigwa kwa mikono yenye chumvi ya karanga, juu ya chochote, na wanawake wakitolewa jasho kwa ajili yake.

Aliachia ukingo wa dirisha, akajifuta viganja kwenye nguo.

"Nipe fomu mpya ya ukurasa huo," alimwambia karani.

"Lakini hii imeshasainiwa."

"Nipe mpya."

Bosi alikuwa bado amenyoosha kiganja. "Dada, usitucheleweshe. Karatasi yangu."

Alifungua mkoba, akaitoa karatasi ya nyumba. Bosi aliona muhuri wake wenye nyota mbili na akatabasamu. Dada yake aliichana katikati, akavipanga vipande, akavichana tena, mpaka vikawa vidogo kama vile vya mpira vinavyobaki chini ya kisu chake. Akavitia mfukoni mwa shati la mdogo wake, palepale ulipotoka muhuri.

"Tulikubaliana!" Bosi alipaza sauti. "Watu wote hawa ni mashahidi! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana sahihi ya msimamizi. Umesaini kama mume wangu. Kazi mbovu hailipwi."

"Kwa mstari tu? Kwa kukosea mstari?"

"Ungesoma."

"Utarudi nyumbani leo," alisema Bosi, na midomo ilikuwa inamtetemeka kama alipokuwa mdogo na kunyang'anywa kitu. "Utarudi, halafu tutaonana."

"Nitarudi. Ni kwangu."

Mabenchi yote yalikuwa yamewageukia. Hakuna aliyemtetea na hakuna aliyeona haya. Walikuwa wanatazama tu, kama wanaongoja kuambiwa kinachofuata.

*

Mlinzi aliishika fomu kwa ncha za vidole, akiogopa kuichafua.

"Haitaniletea kesi, mwanangu?"

"Haitakuletea."

"Na mimi sina kitu. Wasije wakadai matunzo."

"Hawatadai. Hawasomi."

Alimwonyesha mstari wa chini. Mzee alivua kofia, akaiweka fomu juu ya kiti chake cha plastiki, akapiga goti. Alisaini kwa taabu, ulimi nje, jina lake lote na la baba yake na la babu yake. Kisha akainua macho.

"Hapa wameandika uhusiano. Niweke mjomba?"

Dada Mihuri alisimama kwenye jua, mdomo mchungu. Mjomba ingetosha. Ingepita bila kuguswa. Alikumbuka daftari lake, kurasa zote zile, kila muhuri na barua yake.

"Andika ukweli, mzee."

"Ukweli upi?"

"Kwamba hatujuani."

Mlinzi alifikiri, akaona ni kweli, akaandika: Hatujuani. Alipopewa hela ya soda aliipokea, akaitazama, akauliza kama anaweza kuongezewa kidogo kwa vile ameandika majina matatu. Dada Mihuri alimwongezea. Hata huyo.

Karani alipokea ukurasa, akautazama upande wa sahihi kuona kama wino umekauka. Akapiga muhuri. IMEHAKIKIWA, H imelala kushoto, nusu yake juu ya neno Hatujuani.

"Umeona?" alisema. "Si kitu kigumu. Chumba namba nne, mama."

Alikuwa amerudi kwenye "mama".

Chumba namba nne kilikuwa na kitanda cha chuma, pazia na kapu la taka la kukanyaga kwa mguu. Nesi, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka, alisoma namba kwenye bomba la sindano na kwenye fomu, akazilinganisha mara mbili kwa kidole. Alikuwa mtu wa kwanza kwenye jengo hilo kusoma kitu chochote. Alimwambia alale, afungue tumbo, asibane pumzi. Kabla hajageuka, mgonjwa wake alikuwa ameshuka kitandani, amekanyaga kapu la taka, anatapika.

Alitapika chai ya asubuhi, kisha maji matupu, kisha sauti tu. Nesi alimshika mabega.

"Jamani! Kichefuchefu saa hizi? Dawa hata sijakuchoma. Wenzako wanasubiri mimba kwanza."

"Si cha mimba," alisema Dada Mihuri.

Alijifuta mdomo kwa kiganja, na zambarau kidogo ikabaki kidevuni. Nje, kupitia dirisha, alimsikia Bosi akimwuliza mlinzi kwa ukali ni nani aliyempa mamlaka ya kusaini. Alirudi kitandani, akalala chali, akapandisha blauzi yake mwenyewe.

"Choma, nesi," alisema. "Kabla hawajakumbuka fomu nyingine."